Dari Tuliyoibomoa

Kwa kaka yangu mkubwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, ule mguu mbaya ukiwa juu ya kigoda kama ulivyoagizwa, na wifi akiwa karibu kuhakikisha hudanganyi. Natumaini goti limepungua uvimbe na usiku unalala. Nisalimie watoto wote, bibi harusi wetu kwanza, na yule wa mwisho umwambie kwamba kisingizio chake cha kutoniandikia kimechakaa, atafute kingine. Mimi ni mzima. Najua neno hilo tunaliandika kwenye barua bila kulifikiria, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni, lakini leo naomba usiliruke. Nimeliandika, nikalitazama, nikaona linastahili kubaki.

Barua yako niliipata. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, niliporudia nikacheka. Umeniomba kwa upole, ambao si kawaida yako, nifunge mdomo kuhusu ugonjwa wangu mpaka harusi ipite. Umesema wakwe zako watarajiwa ni watu wanaochunguza ukoo, na wakisikia kwamba shangazi wa bibi harusi alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili, wataanza kumtazama binti kwa jicho jingine. Wifi naye ameongeza pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba nikiulizwa niseme nilikuwa na presha. Nampenda wifi yangu, lakini presha inayomfanya fundi ashone mifuko ya mashati ya watoto wa shule ikafungika kabisa, hiyo bado haijagunduliwa. Nitakueleza habari ya mifuko.

Kwanza habari kubwa. Kesi yetu na mwenye jengo imekwisha, na tumeshinda. Karakana inabaki pale pale ghorofa ya pili, cherehani zetu hazitoki, na ndoto yake ya kupageuza duka la magodoro ameilaza mwenyewe. Ila usishangilie mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu namna tulivyoshinda inakuhusu.

Wewe uliambiwa jina la ugonjwa, hukuambiwa ulivyokuja. Nami sikukuandikia, maana kila nilipoanza niliona aibu, na aibu nikiiona mahali huwa naipiga vita, lakini hii ilikuwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Unaijua karakana yetu. Chumba kirefu, madirisha upande mmoja, meza ya kukatia katikati, cherehani zimepangwa mistari miwili, na pasi ziko mwisho karibu na mlango kwa sababu ya joto. Mimi nakaa cherehani ya mbele, mahali ambapo katibu wa ushirika amekaa tangu ushirika uanze, nami ndiye katibu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikiwa nimeshapita hamsini, sina tatizo zaidi ya masikio yaliyochoshwa na mashine, nilianza kusikia mtu anazungumza juu ya dari. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anaeleza ninachofanya, kama mtangazaji wa mpira: sasa anavaa miwani, sasa anageuza kola, sasa anajifanya hasikii. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyelipwa.

Ungedhani mtu akisikia hivyo atajua anaumwa. Kaka, akili haifanyi kazi hivyo. Akili ikipewa sauti hutafuta mwenye sauti, na mimi mwenye sauti nilikuwa naye tayari. Mwenye jengo. Unakumbuka miaka ile tulipodai choo kitengenezwe, akamlipa mlinzi asimame nje ya mlango wetu asikilize mikutano? Nilisema, watu wakaniambia nina mawazo mabaya, mwisho mlinzi mwenyewe akakiri mbele ya baraza la wapangaji. Nilisema mita ya umeme imechezewa, wakaniambia nimezidi, mita ikafunguliwa, ikakutwa imechezewa. Kwa hiyo niliposimama juu ya kiti na kuwaambia wenzangu kwamba mwenye jengo ametega vinasa sauti darini, na kwamba kuna mtu huko juu anayesikiliza na kuzungumza, hakuna aliyecheka. Waliacha kazi. Rula, yule mkataji wetu mwembamba aliyenyooka kama rula ya chuma, aliuliza swali moja tu, kwamba tuanzie upande gani.

Hilo ndilo kosa ambalo karakana nyingine isingelifanya. Mahali pengine mtu akisema kuna sauti juu ya dari angepewa maji na kuambiwa akapumzike. Kwetu alipewa wanaume watatu na mtaimbo. Walipanda juu ya meza ya kukatia, wakang'oa mbao za dari moja baada ya nyingine, wakazipanga ukutani kwa unadhifu kabisa, misumari wakaiweka kwenye kopo, kwa sababu sisi ni mafundi na fundi hatupi msumari mzima. Vumbi lilitushukia kama unga. Tulikuta viota vya panya, gazeti la zamani na kiatu kimoja cha kike ambacho mpaka leo tunabishana kiliingiaje. Vinasa sauti hatukuona. Rula alishuka, akajipangusa mabega, akasema wamekwisha kuviondoa, mjanja sana yule bwana. Nami nikaitikia, huku sauti ikisema juu ya kichwa changu, pale ambapo sasa palikuwa na hewa tupu na bati, kwamba sasa anatazama bati.

Nimesoma vitabu vingi, unajua, na nimeandika barua nyingi za kuwashambulia watu magazetini. Nilikuwa na hoja kwa kila kitu. Hoja zilifanya ugonjwa wangu uonekane siasa. Kila nilipozidi kuumwa, watu walisema katibu yuko kwenye fomu.

Nyumbani nilianza kuziba madirisha kwa vitambaa vya bitana. Jirani wa chini nikamwacha bila salamu kwa sababu niliamini anapitisha harufu sakafuni ili nilale. Mume wangu angekuwa hai labda angeliona, lakini nilikuwa peke yangu, na mtu mzima anayeishi peke yake anaruhusiwa vituko vingi kabla watu hawajaanza kumtazama vibaya. Kazini ndipo nilipokamatwa, na aliyenikamata ni Mama Vifungo.

Humkumbuki. Ni yule mnene anayefanya matundu ya vifungo, anayekaa nyuma yangu na kuimba bila maneno. Tulikuwa na mashati ya shule, mzigo mkubwa, na kazi yangu ilikuwa mifuko. Nilishona mifuko yote vizuri, mshono umenyooka, kisha nikapitisha mshono wa nne juu, kila mfuko ukafungika. Shati baada ya shati. Niliamini kuna watu watatia vitu ndani ya mifuko ile ili watoto washtakiwe. Nilikuwa nawaokoa. Mzigo ulipokaribia kufungwa, Mama Vifungo akatia kidole mfukoni, kidole kikagoma. Alivuta kiti, akachukua kifumulio, akaanza kufumua mshono wa juu, na mimi namtazama. Alipofika shati la tatu au la nne akaniambia, bila kuinua macho, kwamba kuhusu dari aliniamini, kwa jinsi mwenye jengo alivyo. Kuhusu mifuko hakuniamini, kwa jinsi mimi nilivyo. Alisema tangu anifahamu sijawahi kuharibu kazi, hata siku ya msiba, kwa hiyo kuna mtu ananiharibu au kuna kitu kinaniharibu, na yeye atanipeleka hospitali tukakitafute. Nilibishana naye ngazi zote za kushuka. Alinibebea mkoba akanijibu mhm, mhm, kama anavyoimba.

Sitakuficha kwamba hospitali nako niliwapiga vita. Na wengine walistahili. Daktari wa kwanza alinitazama umri kwenye kadi akasema kwa umri wangu ugonjwa huo hauanzi, huo ni wa vijana, yangu ni mambo ya kina mama wa rika langu tu, nikapumzike. Mama Vifungo akamwuliza kama na yeye akifika rika hilo atakuwa anasikia watu darini. Wapo na ndugu zetu, nawajua kwa majina na wewe unawajua, waliosema nimerogwa, na waliosema ni uzee umeanza mapema, na mmoja aliyesema ndiyo matokeo ya mwanamke kusoma sana. Huyo nimemwandikia barua yake peke yake.

Daktari wa pili ndiye aliyenisikiliza. Mwanamke wa makamo kama mimi, sauti ya chini, saa ya mkononi imelegea. Alinipima damu, akanipeleka kupigwa picha ya kichwa, akanipima macho, na zaidi ya yote masikio. Kisha akanikalisha akaniambia ni skizofrenia, iliyochelewa kuja. Akasema watu wengi, pamoja na madaktari wengine, wanadhani ugonjwa huu ukikuacha ujanani umekuacha moja kwa moja, na si kweli, unaweza kumjia mtu aliyepita miaka arobaini na kitu, na wanaoupata wakiwa wakubwa wengi wao ni wanawake. Akasema masikio yaliyofifia hayakuleta ugonjwa peke yake, lakini yanaupa nafasi, kwa hiyo nitavaa kifaa cha kusikia. Nikamwambia sikubaliani. Nikamwambia nitasoma. Akasema soma, na uje na hoja zako zote, anazipenda, lakini uje umekwisha kunywa dawa.

Nilisoma, wodini alikonilaza na hata nilipotoka. Nilikwenda na hoja. Kila tulipokutana tulibishana, naye alinijibu moja moja, hakunitishia hata mara moja, na nadhani hicho ndicho kilichoniponya nusu. Nusu nyingine ni vidonge, wala sitakubali mtu avidharau mbele yangu. Mwanzo vilinikakamaza mikono. Fikiria fundi asiyeweza kutia uzi kwenye sindano. Nilikaa mbele ya cherehani yangu nikalia kwa hasira, Rula akajifanya anatafuta chaki. Nikarudi kwa daktari nikamwambia afadhali yule mtangazaji wa darini kuliko mikono hii. Akapunguza kipimo, akasema watu wa umri wangu mara nyingi hutosheka na kidogo, na kweli, kidogo kilinitosha. Vidole vikarudi. Siku niliyotia uzi kwa mara moja, karakana nzima ilikuwa inanitazama ikijidai haitazami, na Mama Vifungo aliimba wimbo wake kwa sauti ya juu kidogo.

Nisikilize hapa kaka, maana huu ndio ugomvi wangu na dunia kwa sasa. Mtu akivunjika mguu tunamwandikia pole juu ya plasta ngumu. Mtu akiugua kichwa tunampunguzia sauti, tunamwongelesha kama mtoto, tunaficha visu, na tukirudi nyumbani tunamwita majina mabaya. Kuna mwandishi wa gazeti moja ambaye kila mwanasiasa asiyempenda anamwita mwendawazimu. Nimemjulisha kwamba sisi wagonjwa hatukubali kulinganishwa na wanasiasa wake. Huruma nayo sitaki. Huruma ndiyo iliyowafanya wajumbe wawili wa ushirika wapendekeze nibaki katibu wa heshima, yaani katibu asiyefanya kazi. Niliwajibu kwamba heshima wabaki nayo, mimi wanipe kazi.

Sasa turudi kwa mwenye jengo. Aliona dari imebomolewa. Tulikuwa tumeirudisha, mbao zile zile, misumari ile ile kutoka kwenye kopo, na rangi juu, lakini alikuwa na picha zake za siku ile. Mkataba wetu unasema mpangaji akiharibu jengo kwa makusudi anaondoka. Akatupeleka baraza la wapangaji. Wenzangu wakakutana bila mimi, wakanipangia ulinzi wao. Walikubaliana kusema dari ilianguka yenyewe kwa maji ya mvua. Wote, mpaka Mama Vifungo asiyejua kudanganya, na Rula akaanza kuwafundisha nani aseme nini, tone lilianzia wapi. Waliponiambia nilikosa pa kutazama. Watu wale waliibomoa dari kwa sababu yangu, na sasa walikuwa tayari kuapa uongo kwa sababu yangu, na hakuna hata mmoja aliyetaja neno ugonjwa.

Barua yako ilifika katikati ya hayo. Ukasema funga mdomo. Wenzangu wakasema funga mdomo. Mkiwa pande zote mnanisihi ninyamaze, unadhani ni rahisi? Nilitamani kukubali. Lakini picha za yule bwana nilikuwa nimeziona. Mbao zimepangwa ukutani kama vitabu. Mvua gani inapanga mbao?

Siku ya shauri tulienda wote, tumepiga pasi kwelikweli. Ukumbi ni mdogo, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka upande wake tu. Mwenye jengo alikuja na wakili kijana mwenye suti ambayo, samahani, mabega yake hayakukaa. Wakili alianza na picha, kisha akasema ana jambo jingine atalileta baadaye kuhusu uongozi wa wapangaji hawa, akanitazama, akatabasamu. Nikajua anajua. Nikajua pia analiweka mpaka nikisimama kama shahidi, nikisema habari ya mvua, ndipo anivue nguo mbele za watu.

Rula alikuwa wa kwanza kuitwa. Nikasimama kabla yake. Mwenyekiti wa baraza, mzee mmoja mkavu, aliniuliza kama nimeitwa. Nikasema hapana, lakini anayejua kwa nini dari ile ilibomolewa ni mimi, na wengine wote watamweleza walichoona tu. Akatafakari, akaniruhusu.

Hapa ndipo kiini cha barua hii, nami nakuomba usiirarue. Nilisema yote. Nilisema mvua haikuhusika. Nilisema mwaka ule nilikuwa naumwa ugonjwa unaoitwa skizofrenia, nikautamka vizuri ili wasidhani ni presha. Nikasema nilisikia sauti juu ya dari, nikawaambia wenzangu kuna vinasa, nao wakaniamini kwa sababu bwana huyu aliwahi kumweka mlinzi mlangoni kwetu, na kumbukumbu zake ziko hapa hapa barazani. Nikasema walikuwa wanatafuta, hawakuwa wanaharibu, na ndiyo maana kila msumari uliwekwa kwenye kopo. Nikasema nililazwa, nikatibiwa, na ninatibiwa mpaka leo.

Nilijua aliyekuwa anaandika. Karani wa baraza, yule mwenye kipara kizuri, ni baba mdogo wa kijana anayemwoa mwanao. Ulinitajia mwenyewe mwaka jana ukijisifu. Nilimwona kalamu imesimama nilipotamka wodi, akanitazama, kisha akaendelea kuandika. Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu ila daktari na wewe. Ile sauti haikuisha yote. Imebaki kama redio ya jirani, huja nikichoka au nikiogopa. Ilikuja pale. Ilisema sasa anasimama, sasa anawaambia, sasa watamcheka. Niliisikia yote, nikaiacha iseme, nikamaliza sentensi yangu. Kaka, nimewahi kushinda mijadala mingi maishani, lakini hakuna niliyeshindana naye akiwa karibu namna ile.

Hakuna aliyecheka mpaka wakili alipojaribu. Alisimama, silaha yake imekwisha kuchukuliwa mkononi, akauliza kwa kejeli baraza litajuaje kwamba hata leo sisemi kwa ugonjwa. Nikamwambia mimi leo nimekunywa dawa zangu asubuhi na daktari wangu anaweza kuthibitisha, sasa na yeye atuambie amekunywa nini. Ukumbi ukaangua kicheko, na mwenyekiti akagonga meza akiwa ameinamisha uso. Mwenye jengo alimvuta wakili koti akae, na bega lile likazidi kupinda.

Mwenyekiti aliwauliza wenzangu mmoja mmoja kama niliyosema ni kweli. Rula akasema ndiyo, na kwamba katibu akisema tena kuna kitu darini atamwuliza kwanza kama amelala vizuri, halafu ataleta ngazi. Mama Vifungo akasema ndiyo, akakaa. Uamuzi ulitolewa siku hiyo hiyo. Hakukuwa na nia ya kuharibu, dari imetengenezwa, mkataba unaendelea, na mwenye jengo asikaribie tena mlango wetu bila taarifa. Tulishuka ngazi za baraza kama watu waliotoka kushinda kombe. Ushirika ulikutana jioni yake, ukanichagua tena, kwa kazi, si kwa heshima, na wale wajumbe wawili ndio waliotangulia kunyoosha mkono.

Kwa hiyo nimekuasi, mbele ya watu, mbele ya baba mdogo wa mkweo. Nilipofika nyumbani nilianza kukuandikia barua ya kujitetea, kali kama kawaida yangu, ila simu ikalia kabla sijamaliza ukurasa. Alikuwa mwanao. Karani alikuwa amekwisha kufika kwa wakwe zake na habari yote. Nikajikaza. Binti akaniambia shangazi, tulia, mchumba wangu namweleza habari zako tangu ulipolazwa, ndiye aliyekuwa ananipeleka kwa pikipiki kukuona zile siku ulizokuwa hutaki wageni, tukakaa nje kwenye benchi tukarudi. Akasema mama mkwe wake naye ana dada yake anayeficha vijiko kwa sababu anaamini vinawekewa sumu, na leo mchana ameuliza kama huyo daktari wangu anapokea wagonjwa wapya. Akasema mnaojificha ni wewe kaka na mama yake tu, watu wote wa kule wanajua, na wanawaonea huruma kwa jinsi mnavyohangaika.

Halafu akauliza nitampima lini, kwa sababu gauni lake hataki lishonwe na mtu mwingine. Nimemwambia aje wiki ijayo, aje na viatu atakavyovaa siku yenyewe, maana urefu wa pindo hauna mjadala.

Mfikishie wifi salamu zangu nyingi, umwambie simchukii kwa ushauri wake. Mchumba wa binti umsalimie kwa namna ya pekee. Nawe nitumie vipimo vya suti yako, kifua na kiuno, vya sasa, si vya ujana wako, kwa sababu nataka mabega yakae.

Ndimi nikupendaye hata nikikubishia,

Dada yako, katibu